Askofu wa Hatua ya Tatu

Jumamosi, 2 Machi

Mvua imeanza leo na ligi ya klabu imeanza leo, kama kawaida yao. Klabu yetu ya chesi iko juu ya duka la rangi, chini ya bati tupu, na mvua ikipiga pale huwezi kusikia hata mtu anayekohoa mezani kwako. Baba kashinda. Mpinzani alikuwa mhasibu mgeni ambaye bado anasoma sheria za mchezo kwenye simu, lakini ushindi ni ushindi, na nimempigia Kaka kumwambia kabla hata hatujashuka ngazi.

Lazima nimwambie. Nieleze kabisa, maana najijua, mwakani nitasoma hapa nisielewe kwa nini nilikuwa roho juu. Baba anasahau. Maisha yake yote alikuwa fundi wa lifti, mtu wa kusimama kizani ndani ya jengo la watu na kujua kwa sikio waya gani umechoka. Sasa anasimama katikati ya sebule na kuniuliza choo kiko upande gani. Daktari ameutaja ugonjwa kwa jina na kusema haurudi nyuma. Kaka anakaa mji mwingine, ana nyumba kubwa, wifi anashinda nyumbani, na anataka kumchukua. Mimi nashinda dukani nakata lenzi za miwani, Baba anabaki na jirani. Tumegombana kwa simu mpaka tukafika mahali: Baba abaki kwangu hadi ligi iishe. Mchezo wake wa mwisho ni na Kinyozi, rafiki yake wa miaka yote. Kaka atakuja kuutazama. Baba akicheza kama mtu mwenye akili zake, anabaki. Akishindwa, anaondoka.

"Si mtihani," Kaka alisema. "Nataka tu nione kwa macho yangu."

Ni mtihani.

Jumapili, 3 Machi

Nimefua. Mfuko wa shati la Baba una skrubu mbili na kitasa cha droo. Droo yenyewe sijui ni ipi.

Jumatano, 6 Machi

Katibu wa klabu kanipa hifadhidata. Ni programu yenye michezo ya chesi mamilioni, ya mabingwa na ya watu wa kawaida. Unaweka vipande jinsi vilivyosimama, nayo inakuambia: waliowahi kufika hapa walicheza nini, na kila hatua iliwapa ushindi kiasi gani. Nimeipenda mara moja. Kazini kwangu lenzi ikipungua unywele mmoja mteja anaumwa kichwa, kwa hiyo mimi na makisio hatupatani. Humu hakuna "nadhani." Humu kuna asilimia.

Nimeweka mchezo wa Baba na Kinyozi. Baba ana vipande vyeupe, kura imeshapigwa. Hatua mbili za kwanza hazina ubishi: askari wa mfalme mbele, farasi nje, na Kinyozi hujibu vilevile. Hatua ya tatu anatoka askofu. Baba humweka mraba wa c4, upande wetu wa ubao, na amemweka hapo tangu sijazaliwa. Mabingwa wengi humpitisha hapohapo na kumsogeza mraba mmoja zaidi, b5, ndani ya eneo la adui. Na asilimia ziko nao.

Kuna pia faili dogo la michezo ya klabu yetu, katibu huiingiza kila baada ya mechi. Baba na Kinyozi wamejaa humo, c4, c4, c4, sare, sare, Baba, sare, Kinyozi. Michezo michache ya wazee wawili haithibitishi kitu. Nimelifunga.

Jumamosi, 9 Machi

Baba sare. Alicheza vizuri, kisha akavaa koti la mtu mwingine.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Lenzi tatu zimevunjika mkononi mwangu, na bosi ananitazama tu.

Jumamosi, 16 Machi

Leo nimeona kitu. Baba akikaa mbele ya ubao mikono yake inapona. Nyumbani kijiko kinamtetemeka, pale anashika farasi kwa vidole viwili, anamweka katikati ya mraba, anabonyeza saa, anakunja mikono. Askari, farasi, askofu c4, bila kutazama, kama mtu anayewasha taa chumbani kwake. Kashinda tena. Nilitoka nje nikalia kidogo karibu na makopo ya rangi, nikarudi.

Lakini Kaka hajui chesi. Sare ya busara ataiona ni mzee kachoka. Ushindi ataelewa. Na Kinyozi anaijua c4 ya Baba kuliko anavyokijua kisogo chake mwenyewe, hawezi kushindwa nayo. Kwa hiyo Baba lazima ahamie b5.

Jumatano, 20 Machi

Nimemwambia. Tulikuwa tunakunywa chai, nikaweka ubao mezani, nikamtoa askofu mpaka b5. Baba akaangalia muda mrefu.

"Huyu mbona kapita kwake?" akauliza.

"Kwake wapi, Baba?"

Akagusa c4 kwa kidole. "Hapa. Hapa ndipo anapokaa. Huyo sasa anakwenda kukaa kwa watu."

Nilicheka hadi chai ikanipalia. Kisha nikamgeuzia kompyuta, nikamwonyesha zile pau za rangi, ya ushindi hapa ndefu, pale fupi. Alitikisa kichwa kwa heshima, vile alivyokuwa akitikisa kwa wahandisi waliokuja na michoro.

"Haya, mama," akasema. "Kama wakubwa wamesema."

Jumapili, 24 Machi

Asubuhi mara kumi, jioni mara kumi. Anakwenda c4, namrudisha. Anakwenda c4, namrudisha.

Jumatano, 27 Machi

Nimempiga Baba kofi la mkononi. Sikumuumiza, lakini nimempiga, mkono ulipokuwa unashuka c4. Alinitazama kama mtoto aliyekatazwa sukari. Nimemwomba radhi. Akaniuliza radhi ya nini, maana alikuwa ameshasahau, na hilo limeniumiza zaidi ya kofi lenyewe.

Jumamosi, 30 Machi

Klabu haikufunguliwa, barabara imejaa maji.

Jumamosi, 6 Aprili

Amepata. Mara tatu mfululizo, b5, bila kuambiwa. Nilimkumbatia pale pale mezani, vipande vikamwagika. Nikampigia Kaka nikamwambia mzee anajifunza mambo mapya, na mtu aliyekwisha hajifunzi mambo mapya, kwa hiyo na wewe jifunze kunyamaza. Kaka akanyamaza. Kisha akasema, "Nitafurahi nikikosea, mdogo wangu." Nilikata simu nikijua nimeshinda, na nikaudhika kwamba alikuwa mpole.

Jumamosi, 13 Aprili

Amepoteza mchezo. Mpinzani yuleyule mhasibu anayesoma sheria. Kelele za mvua, nadhani.

Nimeandika "nadhani." Basi niseme ukweli. Hatua ya tatu alimshika askofu akakaa naye. Klabuni kwetu ukishagusa kipande umekicheza, hakuna kurudisha, kwa hiyo ilibidi amcheze huyohuyo. Alikaa naye mpaka saa ikala nusu ya muda wake. Akamweka b5, nikashusha pumzi. Lakini baada ya hapo hakujua yuko wapi. Kwenye c4 alijua nini kinafuata na nini kinafuata hicho. Kwenye b5 alikuwa mgeni.

Jumatano, 17 Aprili

Nilimpeleka Baba akanyolewe. Kinyozi ana kiti kimoja na kioo chenye ufa, na haongei mkasi ukiwa karibu na sikio. Alipomaliza akampa Baba gazeti, akaniita nje chini ya kibaraza.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Umemfanya nini Fundi?"

"Kivipi, mzee?"

"Nikiwa namnyoa ananiuliza, eti leo nimweke wapi askofu. Fundi aniulize mimi? Mwaka jana alisahau jina langu na askofu hakumsahau."

Nikamweleza hifadhidata, mamilioni ya michezo, asilimia. Alisikiliza huku anakung'uta nywele kwenye aproni.

"Hao wote waliocheza b5," akasema, "walikuwa wanaumwa?"

Nikamjibu vibaya. Nilisema anaogopa kushindwa, kazoea sare zake za kila mwaka, sasa kaona mambo yamebadilika anataka kumrudisha mzee nyuma. Hakukasirika. Alisema tu, "Mrudishie, mwanangu," akaingia ndani kumsimamisha Baba. Nimetembea hadi nyumbani na mwavuli umefungwa mkononi.

Ijumaa, 19 Aprili

Mjinga yule mzee. Kinyozi, namaanisha. Siwezi kuacha kumfikiria.

Jumatano, 24 Aprili

Asubuhi nilimkuta Baba jikoni kasimama na kipande cha mkate mkononi, hajakiweka kwenye sahani na hajakitia mdomoni.

"Ni wapi, mama?" akaniuliza. "Leo ni wapi?"

Nikasema popote, Baba, kwenye sahani. Akatazama sahani, akanitazama mimi usoni kuona kama amepata au amekosa. Baba yangu. Mtu aliyepandisha lifti za majengo marefu kuliko yote mjini hapa, anangoja nimwambie kama mkate uko mahali pake.

Nimeenda kazini, nimekata lenzi, sikumbuki za nani. Jioni nikafungua lile faili dogo la klabu nililolidharau. C4, c4, sare, sare. Nilikuwa nimesema michezo michache ya wazee wawili haithibitishi kitu. Yale mamilioni yalikuwa ya watu wengine. Hii michache ilikuwa ya Baba. Kila mwaka anakaa, anacheza, anamaliza, na kucheza hivyo hadi mwisho, kama mtu mwenye akili zake, ndicho kitu pekee Kaka alichoomba. Nilikuwa nacho mkononi nikatafuta kikubwa zaidi.

Alhamisi, 25 Aprili

"Baba, turudi c4. Ile yako."

"Si ulisema mbaya?"

"Nilikosea."

"Aa." Akafikiri. "Kwa hiyo ile nyingine ndiyo mbaya."

"Zote nzuri, Baba. Hii ndiyo yako."

"Sawa," akasema, na mkono wake ukaenda mpaka katikati ya hizo mbili ukasimama.

Jumapili, 28 Aprili

Haiingii. Nikinyamaza ananitazama usoni. Nikisema c4 anaweka c4, nikinyamaza tena ananitazama. Zamani mkono wake haukuuliza mtu. Nimemfundisha Baba kuushuku mkono wake, na sijui namna ya kumfundisha asiushuku.

Jumatano, 1 Mei

Hatukufanya mazoezi. Nimemkata kucha. Mvua siku nzima.

Jumamosi, 4 Mei

Naandika yote, hata kama mkono umechoka.

Kaka alifika mchana na gari limejaa matope. Alimwinamia Baba, "Shikamoo, Baba," na Baba akasema marahaba, akamuuliza lifti yao ina tatizo gani. Kaka akasema haina tatizo, inafanya kazi vizuri. Nilishukuru alivyojibu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia leo na nikakosa pa kuanzia.

Klabuni walikuwa wametupisha meza ya dirishani. Kinyozi alivaa tai. Sijawahi kumwona na tai. Walipeana mikono, Baba akasema, "Umenenepa, Kinyozi," na watu wakacheka, nami nikafikiri labda, labda itakuwa siku yake njema. Kaka alikaa nyuma ya Baba kwenye kiti cha plastiki, magoti pamoja, kama mtu aliye hospitali.

Baba akasogeza askari wa mfalme. Akabonyeza saa. Kinyozi akajibu. Baba akatoa farasi, vidole viwili, katikati ya mraba. Kinyozi akajibu. Mikono ile ilikuwa mizima kabisa. Niliomba ndani kwa ndani, nenda tu, Baba, nenda tu usifikiri.

Akamnyanyua askofu. Mkono ukaanza kushuka c4, nimeuona, naapa ulikuwa unashuka wenyewe, kisha ukasita. Akageuza kichwa akanitafuta. Kulikuwa na watu wengi mlangoni na alinitafuta mimi hasa, usoni, vile alivyokuwa akinitazama mezani kwetu. Kusema siruhusiwi. Nikatikisa kichwa kumwambia ndiyo, weka. Lakini weka wapi? Kutikisa kichwa hakusemi wapi. Akageukia ubao. Mkono ukaenda b5, ukarudi, ukabaki juu.

Mvua ilikuwa imepungua na nikasikia saa yake.

Kinyozi hakumtazama. Alitazama ubao upande wake kana kwamba kuna jambo kubwa pale. Muda ukaenda. Katibu alisogea hatua moja, Kinyozi akamwinulia kidole bila kugeuka, katibu akarudi. Kisha Kinyozi akafanya jambo ambalo katika klabu ile mtu hufukuzwa kwalo: akasema, chini kabisa, "Pale pa kila siku, Fundi."

Baba akamtazama. Alitaka kujua pale pa kila siku ni wapi, nilimwona alivyotaka. Midomo ilikuwa inatembea. Halafu uso wake ukatulia. Akafungua mfuko wa shati, akamtia askofu humo, akaupapasa kwa nje mara mbili. Tangu nikiwa mdogo ndivyo alivyofanya na kila skrubu aliyoifungua. Kitu usichojua kinarudi wapi unakitia mfukoni kisipotee, mpaka ukumbuke.

"Basi," akasema, akasimama. "Nitamalizia kesho."

Kinyozi naye akasimama, akampa mkono. "Kesho, Fundi," akasema. Akasimamisha saa, akamgeukia katibu. "Andika sare." Katibu akaanza kusema kuhusu muda na kipande kilichoguswa. "Andika sare," Kinyozi akasema tena, na katibu akaandika.

Ngazini Kaka alimshika Baba mkono mmoja nami nikamshika mwingine. Nilidhani Kaka atasema, nilijua, nilikwambia. Alikuwa analia, pua inamchuruzika kama tulipokuwa watoto, na mikono yake yote miwili imemshika Baba. Nikamfuta kwa mkono wa blauzi yangu.

Jumapili, 5 Mei

Kaka ameniuliza kama nimekubali. Nimekubali.

Alhamisi, 9 Mei

Nakunja nguo zake. Nimeandika jina lake kwenye kola, kama za mtoto wa bweni. Nilitaka kumwambia Baba kwamba anaondoka kwa sababu yangu, na kwamba wangu ulikuwa woga tu wa kubaki bila yeye. Nikamwambia. Alikuwa anasikiliza kwa makini, kisha akasema nisijali, fundi wa zamu atakuja.

Jumamosi, 11 Mei

Ameondoka asubuhi. Alikaa kiti cha mbele, akafungwa mkanda, akanipungia kwa adabu, kama unavyompungia mtu wa dukani. Askofu alikuwa bado mfukoni. Nilimwambia Kinyozi jana nimrudishe klabuni, akakataa. Seti ile sasa wanaichezea na kifuniko cha dawa ya nywele kutoka kwake, na hakuna anayelalamika.

Mvua nyingi. Nyumba kubwa sana hii, sikuwahi kuiona hivyo.

Jumanne, 14 Mei

Katibu ameingiza mchezo. Nimeutazama: askari, farasi, sare. Ukiiuliza hifadhidata hatua ya tatu ilikuwa ipi, inaonyesha pengo.

Nimeifuta kwenye kompyuta yangu. Faili dogo nimelibakiza.

Jumamosi, 18 Mei

Leo jua limewaka siku nzima, watu wameanika magodoro. Nilimpigia Kaka, akasema mzee anakula, analala, jana alitembea na wifi hadi sokoni. Akaniuliza nataka kuongea naye. Nikasema atanijua? Kaka akasema hapana, lakini ongea naye.

Kaka akampa Baba simu. Alihema kwenye simu, nami nikahema. Mwisho nikasema tu, "Askari wa mfalme, mbele."

Baba akajibu, "Na mimi vilevile."

"Farasi nje."

"Na wangu nje."

Ya tatu sikuitaja. Nilikaa pale na simu imebana sikio, nasikia wifi anaosha vyombo kwa mbali. Sikutaka kumwuliza kitu tena maisha yangu yote.

"Haya, mbona umesimama?" Baba akasema. "Askofu, c4. Unangoja nini?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Nani kakufundisha chesi wewe?"

"Baba yangu," nikasema.

Akacheka, kicheko chake kilekile cha kifuani. "Mwambie akurudishe mwanzo."

Nikasema nitamwambia.